Beleshi la Sikukuu ya Uhuru

Kwa miaka mingi, Sikukuu ya Uhuru huko Kinyerezi, Dar es Salaam, ilisherehekewa kwa kulala. Gwaride lilikuwa mbali, Temeke, kwenye uwanja ule ule ambao bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Aliyetaka kuona halaiki na ndege za jeshi aliwasha televisheni sebuleni kwake, geti likiwa na kufuli. Hodi pekee ya siku hiyo ilikuwa ya muuza maandazi.

Novemba 2015 mambo yakageuka. Rais John Magufuli, mwezi haujatimia tangu aapishwe, alifuta sherehe na kuagiza siku hiyo iwe ya usafi nchi nzima, maana kipindupindu kilikuwa kinalisumbua jiji tangu Agosti. Shilingi bilioni 4 za sherehe zikaelekezwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco. Watu wa Kinyerezi wakapiga hesabu ya nauli kutoka kwao mpaka Mwenge, wakanyamaza.

Jumatano ikafika. Saa kumi na mbili asubuhi mjumbe alikuwa ameshaanza kugonga mageti, daftari la mahudhurio kwapani.

Mwandishi wa makala haya alitoka na fagio la chelewa lililobakiza njiti za kuhesabika. Aibu ya kwanza ilimkuta pale pale nje: mtaa alioishi miaka minne, hakumjua mtu hata mmoja kwa jina. Wala hakuwa peke yake. Kila aliyetoka alijulikana kwa mali yake. Kulikuwa na Mzee wa Kisima, na Mama Geti Jeusi, na Baba Noah, ambaye hana mtoto wa jina hilo bali gari. Mwandishi alipofika kuandikisha, mjumbe alifungua daftari, akapitisha kidole, akasema kwa heshima zote, “Wewe ndiye Ukuta Haujaisha, sivyo?”

Kazi ikaanza. Mtaro ulikuwa na utajiri wake: mifuko ya rambo, vipakiti vya pombe ya viroba na kandambili nyingi, zote za mguu wa kushoto. (Viroba vilikuja kupigwa marufuku Machi 2017, mifuko ya plastiki Juni 2019. Mwaka ule vyote viwili vilikuwa halali, na vyote viwili vilikuwa mtaroni.) Mwandishi, kwa kutaka kusafisha jina, aliazima kwanja na kufyeka majani pembeni mwa njia kwa bidii iliyowashangaza wengi. Aliyeshangaa zaidi ni Mzee wa Kisima, mwenye mchicha ule.

“Mwanangu,” mzee aliuliza taratibu, “hii nayo ni taka?”

Kosa kubwa, hata hivyo, lilikuwa la mtaa mzima. Kinyerezi ni vilima na mabonde, na kila nyumba ilifagia kuelekea kule ambako kufagia ni rahisi, yaani chini. Wa juu alimsukumia wa kati, wa kati akamsukumia anayefuata, kila mmoja akiridhika kwamba kwake ni kweupe. Kufikia saa nne, taka za mtaa mzima zilikuwa zimepiga kambi mbele ya geti jeusi. Mwenyewe alitoka, mikono kiunoni.

“Jirani zangu, huu uhuru mmeniletea mimi peke yangu?”

Ikabidi zirudishwe juu, barabarani, ambako gari la taka lingeweza kufika. Mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge wa Uhuru hadi kilele cha Kilimanjaro. Wanaume sita wa Kinyerezi walipandisha toroli moja lenye pancha kwa safari ishirini na kitu, na kila safari ilikuwa na msemaji mmoja asiyesukuma.

Ni katika safari mojawapo mwandishi alipoona beleshi mkononi mwa Baba Noah. Mpini wake ulikuwa umepasuka ukafungwa waya mwekundu, kama wa beleshi la mwandishi lililopotea mwaka 2013.

“Beleshi zuri hilo, Baba Noah.”

“La siku nyingi, jirani. Niliazima kwa mafundi waliokuwa wakijenga ukuta pale juu. Nikaja kulirudisha, hawapo. Mwenye nyumba nasikia alihama.”

“Hajahama.”

Baba Noah aliutazama waya, akautazama ukuta, kisha akacheka mpaka akakaa juu ya kiroba cha taka. Mchana huo Mama Geti Jeusi alitoa chai ya tangawizi na mihogo, na beleshi likarudi kwao, limeoshwa.

Desemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan naye alifuta sherehe za kitaifa, akaelekeza fedha zake kwenye ujenzi wa mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Asubuhi ya tarehe 9, kabla hata ya muuza maandazi, hodi ilipigwa kwenye nyumba ya ukuta usioisha. Baba Noah alikuwa amesimama nje na gumbuti zake miguuni, anaulizia beleshi.