Ghost Iongezewe Vivuko: Sababu Tano, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Mtu wa Mwanza aendaye Sengerema amezoea kuchagua: apande kivuko cha Kamanga palepale mjini, au ashuke hadi Kigongo avukie Busisi, ambako tangu Juni 2025 gari linapita juu ya daraja. Sasa njoo kwenye Ghost, programu huria ya uchapishaji iliyoanza kwa michango ya Kickstarter mwaka 2013. Ukiisimika kwenye seva yako, nyaraka zake zimekuwa zikikutajia mtoa huduma mmoja tu wa kusambaza jarida la baruapepe: Mailgun. Ziwa lote hili, kivuko kimoja!

5. Bei. Amazon SES hutoza senti 10 za dola kwa barua 1,000. Jarida la wasomaji 2,000, likitoka mara nne kwa mwezi, ni barua 8,000, yaani senti 80. Inayobaki ni ya sato na ugali.

4. Wauzaji wapo. Postmark, SendGrid, Brevo ya Ufaransa. Pale mwaloni Kirumba mnunuzi hupita meza zote ndipo afungue pochi.

3. Akaunti hufungwa. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma barua nyingi: uthibitisho wa mtumaji kwa SPF, DKIM na DMARC, na kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Mtoa huduma akikutilia shaka, anakusimamisha, na jarida la kesho limelala. Ukiwa na wa pili, unahamia jioni ileile. Kasia moja huzungusha mtumbwi palepale, jamani.

2. Kazi inawezekana, ila tusiidharau. Wengi husema, “Si tuweke SMTP tu, njia ya kawaida ya kutuma baruapepe?” Barua za kuingia kwenye akaunti tayari hupita SMTP yoyote. Jarida ni jambo jingine. Ghost hulituma kwa mafungu, fungu moja hadi wasomaji 1,000, kila mmoja na jina lake na kiungo chake cha kujiondoa. Kisha hurudi kumuuliza mtoa huduma: nani kapokea, nani kafungua, ya nani imegonga mwamba? (Miamba tunaijua sisi, mwamba wa Bismarck pale Mwanza hatujaanza kuutazama leo.) Majibu hayo ndiyo yanayosafisha orodha, na orodha chafu huharibu sifa ya kikoa chako.

Kwa hiyo inatakiwa adapta, yaani kiunganishi cha Ghost na mtoa huduma yeyote, yenye kazi nne: itume fungu, irudishe namba yake, ilete taarifa, iondoe anwani zilizokufa. Ghost tayari ina adapta za kuhifadhi picha na za kache, hivyo mafundi wake wanaujua mshono huu. Ninachosisitiza ni kwamba iingie kwenye msimbo mkuu. Anayeshona kiraka chake pembeni atakishona upya kila toleo jipya likitoka, na uzi utamwishia.

1. Mwanafunzi wa uandishi wa habari pale Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), Malimbe. Namfikiria yeye kuliko wote. Anataka kuandika juu ya dagaa, gugumaji na bei za mwaloni, awafikie wasomaji wa Ukerewe hadi Musoma. Leseni ya MIT imempa programu yote, seva ni yake, orodha ni yake, maneno ni yake. Barua tu ndizo zinazosubiri ruhusa ya mlango mmoja. Ningeanza na adapta ya SES, nikaijaribu kwa fungu la watu 50, na maelezo ya kuisimika nikayaandika kwa Kiswahili siku hiyohiyo.