Namna ya Kuwa Trafiki Ukiwa Darasa la Tano

Hongera! Mwalimu wa zamu amekuteua uwe balozi wa usalama barabarani kwa sababu mbili nzito: unawahi namba, na sauti yako inafika ng'ambo ya lami. Fuata hatua hizi.

1. Vaa kizibao cha kung'aa. Kilishonwa kwa kipimo cha mtu mzima, hivyo kitakufika magotini. Usijali. Dereva asiyekuona wewe atashtuka kuona kizibao kikitembea chenyewe.

2. Anza na wadogo. Kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo lile la kwanza kukufikia hutokea kulia. Basi: kulia, kushoto, kulia tena, kisha vuka kwa kutembea. Mpira ukitorokea barabarani, uache uende zake. Darasa la kwanza watashika somo hili kabla kengele haijalia. Kazi rahisi imeishia hapo.

3. Simama kwenye pundamilia. Huyu wetu alipakwa rangi siku nyingi zilizopita. Milia imefutika, amebaki punda. Inua kibao cha SIMAMA hata hivyo.

4. Jifunze lugha ya honi. Anayekupigia honi hasemi "pita, mwanangu". Anasema "nimekuona, na sisimami". Daladala ikisimama, usishangilie: bodaboda iko nyuma yake, inatafuta pa kuchomokea. Gari moja likisimama, ngoja la pili nalo lisimame.

5. Piga hesabu. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa, unaoruhusiwa kwenye makazi, ni karibu mita 14 kwa sekunde. Dereva akichungulia simu kwa sekunde moja, ameshampita punda, wewe na kibao chako. Kwa kilomita 30, ambazo mataifa yalikubaliana huko Stockholm mwaka 2020 kwa sehemu zenye watoto na waenda kwa miguu, ni mita 8 tu. Wewe hesabu hii unaiweza. Wenye leseni bado wanaifanyia masahihisho.

6. Rudi nyumbani. Baba amekuja kukuchukua na pikipiki. Wadogo zako wawili wameshapanda, mnakuwa mishikaki. Kofia ngumu ipo, imening'inia kwenye usukani. Mwamkie, kisha uulize kwa adabu: "Baba, na kofia?" Atajibu, "Ni hapo tu." Kumbuka kwamba ajali nyingine nazo hutokea hapo tu.

7. Subiri Wiki ya Nenda kwa Usalama. Mgeni rasmi atasoma kwamba duniani hakuna kinachoua watu wengi wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali za barabarani, nawe utamsikiliza ukiwa juani. Kisha atakupapasa kichwa na kukuuliza ungependa zawadi gani. Usiseme madaftari. Sema tuta.

Tuta halina mtihani wa Kiswahili saa mbili asubuhi, halihitaji kizibao, na hakuna dereva aliyewahi kulipigia honi likampisha.