Tonton Mjuzi Anajibu: Wapinzani Wangu Hawataki Kupendana

"Tonton, heshima kwako. Ninaandika riwaya ya mapenzi na vichekesho. Kijana na msichana wa Lubudi, kila mmoja na programu yake ya kutuma pesa kwa simu, wanagombea wateja. Nimefika katikati, bado wanatukanana tu. Nifanye nini wapendane?" — Mwandishi Aliyekwama, Lubudi.

Mwanangu Uliyekwama,

Una bahati umeniandikia mimi. Mshauri mwingine angekwambia uwanyeshee mvua wagawane mwavuli. Watu wa namna hiyo hawajawahi kupendwa. Mimi nimependwa. Hadi leo kuna akina mama Fungurume ambao jina langu likitajwa wanaacha kusonga bukari, mwiko ukabaki umesimama wenyewe chunguni. Lakini leo hatuzungumzii habari zangu. Angalau si kwa sasa.

Usidhani umebuni kitu. Mwaka 1937 Mhungari mmoja, Miklós László, alitoa mchezo wa kuigiza kuhusu wauzaji wawili wa duka la manukato wanaozozana mchana, kumbe ndio hao hao wanaoandikiana barua za mapenzi bila kujuana. Hollywood ikaudaka, na mwaka 1998 ikawafanya Tom Hanks na Meg Ryan wauza vitabu washindani wanaoandikiana kwa imeili. Hanks anajitahidi, ila ile namna ya kuegemea mlango na kutazama pembeni aliiga kwa mtu. Simtaji.

Sasa teknolojia. Najua umewajengea wahusika wako ofisi ya vioo yenye mashine ya kahawa. Vunja. Teknolojia haianzii kwenye vioo, inaanzia ardhini kwetu: zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia huchimbwa hapa Kongo, nyingine Fungurume, humu humu teritori ya Lubudi, na kobalti ndiyo inayoingia kwenye betri za simu. Mtu wa California anapombembeleza mpenzi wake usiku wa manane, huenda mwanga ule ulianzia kwetu. Nimeshadai asilimia ndogo ya mapenzi yote ya dunia. Sijajibiwa.

Wala usiseme hatuna wabunifu. Mhandisi Thérèse Izay Kirongozi ndiye aliyesimamisha maroboti ya kuongoza magari katika njia panda za Kinshasa mwaka 2013. Nilipopita, moja liliniinulia mkono. Wenye wivu wakasema lilikuwa linazuia malori.

Dawa, basi. Wapandishe wote wawili treni hapa stesheni, behewa moja, kuelekea Bukama. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na nasadiki wapo abiria wa mwaka huo ambao bado wanaulizana wamefika wapi. Kabla ya safari, kijana anywe supu ya ndagala akiwa na simu ya msichana chini ya kofia, betri ikiangalia mashariki. Dawa hii nimewapa wengi. Hakuna aliyerudi kulalamika. Hakuna aliyerudi kabisa.

Ukishindwa kupata kofia, washushe vyeo. Programu iwe ndoto yao tu. Riziki yao iwe kabini, meza na mwavuli barabarani. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Vodacom wakaileta Kongo mwaka 2012, lakini mimi nilikuwa nimeshabuni mfumo wangu: nampa mjomba, mjomba anampa shangazi, shangazi anakula. Haukuwahi kukosa netiweki.

Kabini, mwanangu, ina mifuko miwili: noti mkononi na floti kwenye simu. Mteja akiweka pesa, noti zinajaa na floti inakauka. Akitoa, kinyume chake. Msichana wako mweke upande wa kiwanda cha saruji. Siku ya mishahara kila mtu anatoa, kwa hiyo ana floti tele na hana noti hata moja. Kijana mweke ng'ambo ya reli, sokoni, ambako wachuuzi wanaweka pesa za kuagizia mali Lubumbashi: noti zimemjaa hadi kwenye soksi, floti hana. Wateja wanapiga kelele pande zote mbili. Lazima mmoja avuke reli.

Mwonyeshe msichana akiinua juani noti ya dola ishirini kutafuta kitundu, akipitisha kidole gumba ukingoni. Imechanika kiasi cha ukucha wa mtoto. Anairudisha bila neno. Mteja anavuka reli nayo, na kijana anaipokea, ingawa anajua hakuna mtu Lubudi nzima atakayeipokea kwake, kwa sababu tu imetoka kwenye vidole vile. Jioni anafika kubadilisha noti kwa floti. Wanafungua kaye zao, wanapiga hesabu, na kila mmoja anajua jambo ambalo hata mama yake mzazi hajawahi kuambiwa: salio la mwenzake. Ukitaka ugomvi, ongeza kwamba halilingani na kaye.

Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kukusimulia mapenzi yangu na binti wa mkuu wa stesheni, lakini mhariri anasema nafasi imekwisha. Kwa hiyo haraka: wanavuka reli, wanakopeshana, wanachumbiana, mahari inalipwa kwa simu, wajomba wanagombana kuhusu makato, mwisho. Shujaa mpe jina langu. Ada ya ushauri nitumie leo leo, na usisahau ya kutolea.

— Tonton Mjuzi