Ilitumwa Kufagia, Ikahamisha Mlango

Programu inakwenda vizuri. Msimbo wake tu ndio shaghalabaghala. Mistari mingine imekwenda kulia, mingine kushoto, mabano yamezagaa. Programa anabonyeza kitufe, zana ya kunadhifisha inapita, kila kitu kinakaa sawa. Hajabadilisha hata herufi moja. Anaituma kazi, anakwenda kunywa chai. Chai haijapoa, simu inaita.

Zana hizi huahidi kugusa sura na kuacha maana. Balaa ni kwamba ziko lugha ambazo sura ndiyo maana.

JavaScript, aliyoibuni Brendan Eich mwaka 1995 kwa siku kama 10 hivi, ni karimu mno: ukisahau nukta mkato, inakuwekea. Neno return huagiza jibu lirudishwe. Likiachwa peke yake kwenye mstari, na jibu likashushwa mstari wa chini, lugha hudhani mwenye kazi kasahau nukta mkato. Inaitia papo hapo, jibu linabaki nje. Programu haipigi kelele wala haizimiki. Inarudisha undefined, yaani hakuna kitu, kwa adabu zote.

Afadhali make, zana ya kuunda programu kutoka kwenye msimbo, ambayo hugoma waziwazi. Stuart Feldman aliiandika mwaka 1976 katika maabara za Bell, akataka kila amri ianze kwa Tab. Nafasi nane zinazofanana nayo machoni hazipokelewi, na kihariri kinachogeuza Tab kuwa nafasi kinasimamisha kazi nzima. Feldman aliiona kero hiyo mapema, lakini watumiaji walikuwa wameshafika dazeni hivi, akaona haya kuwavurugia. Heri angewavurugia! Dazeni moja imeheshimiwa, na mamilioni ya waliokuja baadaye wanalipa.

Kisha ipo Whitespace, lugha iliyotolewa tarehe 1 Aprili 2003, ambayo maagizo yake yote ni nafasi, Tab na mistari mipya. Zana ya kufuta nafasi za mwisho wa mstari ikipita humo, programu nzima imefagiwa, na kwa macho huoni kilichopungua.

Black, zana ya kunadhifisha Python iliyoanzishwa na Łukasz Langa mwaka 2018, haijiamini hivyo. Ikimaliza kupanga, huusoma msimbo wa zamani na mpya na kulinganisha muundo wake. Ikiona maana imepotoka, inakataa kuandika faili. Ukaguzi huo unaweza kuzimwa kwa chaguo la --fast, kwa wenye haraka zao.