Tondozi ya Hitilafu ya Kompaila

Weka mstari mmoja wa kuchapisha thamani, inatoweka. Ufute mstari huo, inarudi. Mwite mwenzako aje aione, skrini inatoa jibu sahihi, naye anakutazama kama mtu aliyepandisha mashetani. Ipo wapi staha kama hii? Hata mwari wa zamani alikaa ndani lakini siku ikafika akatolewa, akachezewa ngoma. Hitilafu ya kompaila haitoki kwa ngoma yoyote.

Kwa asiyeijua, kompaila ndiyo inayogeuza programu tuliyoandika kuwa amri ambazo prosesa inazielewa. Ukiiambia -O0 inafuata ulichoandika mstari kwa mstari, kama karani mwoga. Ukiiambia -O2 inajipa uhuru: inafuta hesabu isiyo na kazi, inahamisha amri huku na kule, ilimradi jibu lisibadilike. Mara chache sana jibu hubadilika. Hapo ndipo mheshimiwa wangu huzaliwa, ndani ya msimbo usio na kosa hata moja.

Hitilafu nyingine hukudhalilisha kwa sababu ni zako. Hii si yako, na ndiyo maana hakuna anayekuamini. Mimi nimeishitaki kompaila mara tisa maishani, nikaaibika mara nane. Kila mara nilikuwa nimesoma nje ya mpaka wa safu yangu mwenyewe. Mara ya tisa nilikaa wiki tatu. Faili lilikuwa na mistari 4,000. Nakata, nakompaili, naendesha, natazama kama bado imo, nakata tena, kama amenyaye kitunguu huku machozi yanamtoka. Ilipobaki mistari 11 nikafungua asembli, yaani amri za prosesa zilizoandikwa kwa namna ya kusomeka. Sharti nililoliandika kwa mkono wangu, amri yake ya kulinganisha haikuwa na kosa lolote. Haikuwepo tu. Chuoni walinifundisha asembli mwaka mzima sikuelewa kitu. Mwalimu huyu alinielewesha kwa usiku mmoja, na hakudai ada.

Tena haibagui. Mwaka 2014 iliingia kwenye kiini cha Linux kwa mlango wa kompaila ya GCC 4.9.0, ikakaa kwenye sehemu inayogawa kazi baina ya prosesa. Kompaila iliweka thamani kwenye staki, lile rundo la kumbukumbu ambako kila fanksheni hujikatia nafasi, kabla ya kujikatia nafasi hiyo. Ni kutandika mkeka katika ukumbi ambao hujaukodi. Katizo, ishara inayoisimamisha prosesa ili ishughulikie jambo jingine, likiingia baina ya amri hizo mbili, lilikuwa na haki zote za kuukalia. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliisoma asembli hiyo mwenyewe, akaiambia kompaila maneno ambayo sitayaandika hapa, maana gazeti hili hufika nyumbani.

Lakini uhondo uko hapa: kilichoichochea hitilafu kilikuwa chaguo linalotunza taarifa za kusaidia kusaka hitilafu. Taa iliyowashwa ili mwizi aonekane ndiyo iliyomwonyesha mlango! Dawa ya haraka ikawa kuizima taa, yaani kulizima chaguo hilo katika Makefile, faili la maagizo ya kukijenga kiini. Mshairi gani angetunga kisa hiki asiambiwe amezidisha chumvi?

Wapo wanaoiwinda kwa wingi, bila adabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walieleza mwaka 2011 jinsi Csmith, programu yao inayotunga programu za C kwa kubahatisha, ilivyofichua hitilafu zaidi ya 325 ambazo hazikujulikana. Nyumba moja tu haikuikaribisha hitilafu: sehemu zilizothibitishwa kihisabati za CompCert, kompaila iliyotengenezwa chini ya uongozi wa Xavier Leroy huko Ufaransa. Wanasema kule ni amani. Mimi naona ni upweke.

Yangu niliiripoti. Baada ya siku chache ikarekebishwa, na mistari yangu 11 ikaingizwa kwenye majaribio, kwa hiyo kila toleo jipya la kompaila hiyo sharti lipite mbele yake kwanza. Sijawahi kuandika kitu kilichosomwa mara nyingi kiasi hicho. Hata hivyo faili lile la mistari 4,000 nalikompaili kwa -O0 mpaka leo.