Safu ya Ushauri: Kichomozo Kinapogoma Kurudi Nyumbani

Barua zilizoifikia safu hii kutoka kwa wenye matrela ya kambi nchini Marekani zinalalamikia kitu kimoja, nacho ni kichomozo, yaani kipande cha ukuta ambacho, pamoja na sakafu na paa lake, husukumwa nje mithili ya mtoto wa meza trela linapoegeshwa, kisha hurudishwa ndani kabla ya safari. Kwa kuwa upana wa gari katika barabara kuu za nchi hiyo kwa kawaida haupaswi kuzidi inchi 102, yaani takriban mita 2.6, kifaa hiki humpa mwenye trela sebule ambayo hangeweza kuivuta barabarani. Lakini wanunuzi, wanaopenda kuvihesabu vichomozo kwa fahari, husahau kwamba kila kimoja ni tundu lililokatwa ukutani kwa hiari.

Anayejiita "Aliyekwama, Arizona" anaeleza kwamba kichomozo chake hutoka vizuri Ijumaa jioni na hukataa kurudi Jumapili, jambo lililomfanya amshuku jirani wa kambini. Jirani hana hatia. Mota ya kichomozo cha umeme hutumia volti 12 na huvuta mkondo mkubwa, na betri iliyowasha taa na feni ya kipasha joto kwa siku mbili haina tena nguvu ya kusukuma kochi, meza na kabati kwa pamoja. Inafaa betri ichajiwe kwanza, vichwa vyake visafishwe kutu, na waya wa ethi ukazwe; iwapo mota bado imenyamaza, matrela mengi yana njia ya kukirudisha kichomozo kwa mkono, na ni busara mwenye trela aijue njia hiyo kabla giza halijaingia.

"Mke wa Mpole, Ohio" anaandika kwamba mumewe hubonyeza swichi kidogo kidogo ili asiichoshe mashine, na sasa chumba kimekaa upande. Hapa upole ndio kosa. Katika mfumo ambao mota mbili ndogo hufichwa ndani ya ukuta, moja kila upande, kidhibiti cha umeme huhesabu mizunguko ya kila mota ili pande zote ziende sambamba, na kusimamishwa njiani mara kwa mara huweza kuivuruga hesabu hiyo. Mume huyo na alisawazishe trela kwanza, kwa sababu fremu iliyopinda hukibana kichomozo, kisha ashikilie swichi mpaka chumba kifike mwisho na mota zisimame zenyewe.

Msomaji wa Michigan, ambaye kwa haki amejiita "Grisi Tele", amepaka grisi kila kinachosogea na kinachokaa tuli. Grisi nzito iliyoachwa wazi hunasa vumbi na kugeuka msasa unaokula meno ya chuma, ndiyo maana watengenezaji wengi hupendekeza kilainishi kikavu cha kupuliza. Mipira ya kuzuia maji, nayo, huhitaji dawa yake maalumu, kwa kuwa mafuta ya petroli huifanya ivimbe na kulegea.

Hata hivyo, adui mkubwa ni maji, wala si mota. Majani na vijiti vilivyobaki juu ya paa la kichomozo huingizwa ndani pamoja nalo, huinua au kuchana mpira, na mvua hupata mlango. Kwa kuwa sakafu nyingi za vichomozo ni mbao za vipande vilivyogandishwa kwa gundi, pembe zake hulowa, huvimba na kuoza muda mrefu kabla ya mwenye trela kusikia harufu. Sakafu inayobonyea kwa kidole haiponyeshwi kwa zulia jipya, ingawa wauzaji wa matrela yaliyotumika wanaonekana kuamini kinyume chake.

Ama yule anayeuliza kama anunue trela lenye vichomozo vinne, anashauriwa kwanza apande ngazi akafagie paa la kimoja.