Sifa za Kitochi Kiendacho Ulaya

Mtu akipata viza ya Schengen hapa Mbagala, ghafla anakuwa na washauri wengi kuliko mashemeji. Viza yenyewe kaihangaikia: ada ya euro 90, iliyokuwa 80 hadi Juni 2024, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na taarifa ya benki ambayo ameisoma kwa mshangao mkubwa kuliko ofisa aliyeipokea. Hayo yakiisha, vijana wa kijiweni wanamkalia kitako kuhusu simu. Wa kwanza anamwambia anunue laini isiyo na kadi, ile ya kupakua. Wa pili anataka aunge bando la nje kabla hajapanda ndege. Wa tatu, ambaye hajawahi kuvuka Chalinze, anasema kule waifai imejaa hadi kwenye mabasi, aende mikono mitupu.

Wote wameiruka simu iliyo mbele ya macho yao, inayouzwa mezani Tandika, Tandale na Rangi Tatu, imepangwa katikati ya chaja na betri, kwa bei ambayo muuzaji mwenyewe anaona aibu kuibishania sana. Naomba leo nikisemee kitochi, simu ndogo ya vitufe yenye tochi, au kiswaswadu kama wanavyokiita wenye dharau zao.

Tuanze na nasaba, maana anayesifiwa bila kutajiwa wazee wake kasifiwa nusu. Babu wa vitochi, Nokia 1100, alitoka mwaka 2003, akauzwa zaidi ya milioni 250. Jina la ukoo ni la mji wa Ufini. Hata simu ya kwanza kupigwa kwa GSM ilipigwa huko huko, Helsinki, tarehe 1 Julai 1991, waziri mkuu wa zamani Harri Holkeri akimpigia naibu meya wa Tampere, Kaarina Suonio. Kwa hiyo kitochi kinapotua Ulaya hakiendi ugenini, kinakwenda kwa babu yake. Masafa yake ya 900 na 1800 ni yale yale ya minara ya Temeke na ya minara ya Ubelgiji. Abiria yuko dirishani anaulizwa atalala wapi, na nani, na atarudi lini. Kitochi kiko mfukoni mwake, kimeshashika mtandao bila kuulizwa swali hata moja.

Najua vingi siku hizi ni itel na Tecno, watoto wa Transsion ya Shenzhen. Nasaba imechanganyika, lakini nani asiyechanganyika Dar es Salaam?

Tazama na chaja. Soketi zetu ni za matundu matatu, urithi wa Mwingereza, lakini chaja nyingi za kitochi huja na pini mbili nyembamba za mviringo. Tangu utotoni tumeichomeka kwa kuchokonoa tundu la juu kwa kijiti, mama akipiga kelele kwamba tutakufa. Kumbe pini zile ndizo za Ulaya bara. Wakati wenzako wanauziwa adapta uwanja wa ndege kwa bei ya kuku wawili, wewe unachomeka ukutani Brussels na inaingia laini, bila kijiti. Ukivuka kwenda London ndiyo unarudia mambo ya nyumbani. Beba kifuniko cha peni.

Sasa fedha, ambako washauri wa kijiweni huropoka zaidi. Ukiwa Ulaya na laini ya Tanzania, simu ikiita ukapokea, unakatwa wewe mpokeaji. Jambo hili halimwingii akilini ndugu aliyeko Chamazi. Yeye tangu amezaliwa hajaona mpokeaji akikatwa, hivyo anapiga kwa moyo safi, vocha yake mwenyewe, anaona anakufadhili. Anakupa salamu za nyumba nzima. Anampa simu bibi, bibi anauliza kama kuna baridi. Bibi anampa mtoto, na mtoto hasemi kitu, anapumua tu. Pumzi ile unailipia kwa dakika.

Hapo ndipo ubingwa wa bipu unapoonekana. Simu isiyopokelewa haimkati aliyepiga wala aliyepigiwa, mradi huduma ya ujumbe wa sauti umeizima kabla ya safari, maana ikipokea badala yako nayo inahesabika. Mnakubaliana mapema: bipu moja asubuhi, nimeamka mzima, mbili za kufuatana, nitapiga jioni kwa laini ya huku, tatu, kuna jambo zito, kaeni chini. Kilichobaki ni nidhamu ya upande wa pili, maana familia nyingi zina mtu mmoja mwenye kiherehere ambaye simu haimalizi mlio wa kwanza kabla hajaidaka. Huyo namba yako asipewe. Mtafiti Jonathan Donner aliandika mwaka 2007 makala nzima ya kitaaluma kuhusu kanuni za kubipu Afrika: kwamba mwenye nacho ndiye hupigia, na kwamba mwanamume anayemtaka mwanamke hambipu. Binti yeyote wa Buza angemwambia hayo bure, tena kwa mifano na majina.

Laini ya nyumbani basi ibaki kwa bipu, na tundu la pili liwekwe laini ya huko. Ndiyo, tundu la pili. Tumezoea kuhama mtandao kila bando la wiki linapopunguzwa, kwa hiyo kitochi chetu kina laini mbili, vingine tatu, na hakijidai. Laini za bei nafuu kama za Lebara na Lycamobile zilibuniwa kwa ajili ya wahamiaji wanaopiga kwao, na utazikuta kwenye vijiduka vya karibu na stesheni, hapo hapo wanapouza mihogo na mafuta ya mawese. Tangu tarehe 15 Juni 2017, laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya hutumika katika nyingine zote kwa bei ya kwao. Ukinunua Brussels unafika nayo Lisbon. Uswisi haimo katika mpango huo, na Uingereza ilipojitoa iliiachia kila kampuni iamue yenyewe. Wazungu waliushangilia sana mpango huo mwaka ule wa 2017. Wasichoambiwa ni kwamba kampuni ya simu ya Celtel ilishafuta mipaka ya Kenya, Uganda na Tanzania Septemba 2006, karibu miaka 11 kabla yao, na mtu akavuka Namanga na kitochi chake akipokea simu bure. Nadhani barua ya pongezi ilipotelea posta.

Ununuzi wenyewe nao una raha yake. Uholanzi na Uingereza huuza laini ya kulipia kabla bila kudai kitambulisho. Fikiria mtu aliyepanga foleni Januari 2020 kusajili laini kwa namba yake ya NIDA, akabonyeza kidole mara tano kwa sababu saruji imekula alama zote, akihofia laini kuzimwa tarehe 20. Mtu huyo anauziwa laini Amsterdam kama pipi, anatoka dukani anageuka nyuma kuangalia kama anafuatwa. Ujerumani, tangu 2017, wanadai pasipoti. Huko angalau anajisikia yuko nyumbani.

Lakini sifa kuu ya kitochi bado sijaitaja, nayo haimo katika hesabu ya mshauri yeyote. Watu wanaokwenda Ulaya hupiga hesabu ya gigabaiti. Sijaona anayepiga hesabu ya kupatikana. Simu janja ikishika tu waifai ya uwanja wa Istanbul, kundi la ukoo limejua. Picha moja mbele ya mnara wa Eiffel ni tangazo la zabuni. Kabla hujashuka ngazi zimeingia saizi za viatu, rangi ya wigi na ya akiba kama hiyo haipo, picha ya kisanduku cha dawa ya mgongo ya mjomba, na kadi ya mchango wa harusi ya mtu ambaye kwa kumbukumbu zako yuko darasa la tano. Kadi inasema single 50,000, double 100,000. Chini yake mweka hazina ameongeza kwa hisani yake kwamba wewe, kwa kuwa uko ng'ambo, unaweza kuahidi kwa euro.

Kitochi hakifungui kadi. Hakina tiki za bluu, na hakimwambii shangazi wa Mwananyamala kwamba ulikuwa hewani saa tatu na dakika kumi ukaamua kunyamaza. Ukirudi unaapa hukuona, na kiapo kinasimama mbele ya kikao chochote cha familia, kwa sababu ushahidi uko mkononi mwako, una vitufe, na kioo chake ni cha ukubwa wa kibiriti. Wanaweza kukuita mshamba. Hawawezi kukuita bahili. Bando lenye kuokoa fedha kiasi hicho sijaliona likitangazwa na kampuni yoyote, iwe ya Kijitonyama au ya Paris.

Wala usidhani kwamba utasahauliwa. Ujumbe mfupi unaingia, na kwa kawaida kuupokea ukiwa nje hukatwi. Umesimama Brussels katikati ya manyunyu, mfuko unatetemeka, unatoa kitochi kwa shauku: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja hivi na hivi. Tapeli wa watu hana habari kwamba umesafiri, ila amekukumbuka. Wapo Watanzania waliokaa ughaibuni miaka mingi ambao wiki nzima hawaandikiwi sentensi ya Kiswahili iliyonyooka kama ile.

Kuhusu wizi sitasema mengi, wasomaji wa Tandika hawahitaji mhadhara. London simu hunyakuliwa na vijana walio juu ya baiskeli za umeme, na nyingi zikifuatiliwa hukutwa Shenzhen. Kitochi chako kimetoka Shenzhen. Hakuna jambazi atakayekilipia nauli ya kukirudisha kwao.

Na tochi? Kijiweni hapa ndipo wanapocheka: Ulaya umeme haukatiki, tochi ya nini? Tarehe 28 Aprili 2025, mchana kweupe, Hispania na Ureno bara zilizimika karibu zote. Treni zilisimama njiani, taa za barabarani zikafa, mitandao ikayumba, na watu wa Madrid wakaanza kusaka redio za betri madukani. Sasa mweke pale mgeni kutoka Yombo, aliyelelewa na mgao, mwenye tochi, redio ya FM isiyohitaji intaneti, na chaji iliyobaki ya siku tatu. Kwa saa kadhaa angekuwa mtu mzito kuliko meya. Naye, kwa uzoefu wake, angewauliza tu wenyeji kama TANESCO yao imetoa tangazo.

Wasiokipenda husema hakina ramani. Kweli hakina. Mwenye ramani huzunguka mji mzima akifuata kidoti cha bluu, na hurudi nyumbani hajasema na binadamu. Mwenye kitochi huuliza, na huuliza kama tunavyouliza sisi: kwanza salamu, kisha habari za tangu asubuhi, kisha ndiyo njia. Mzee wa Kibelgiji akisimamishwa hivyo atashtuka mwanzoni, lakini huenda akakusindikiza mpaka mlangoni. Wasiokipenda husema pia kwamba hakipandi Ryanair, kwa sababu tangu Novemba 2025 shirika hilo limeacha kupokea kibali cha kupandia ndege cha karatasi, linataka kiwe ndani ya simu. Basi kitochi kitakupandisha basi: usiku kucha, mkate kwenye mfuko, jirani amelala begani kwako. Waliosafiri kutoka Ubungo enzi zile hawatahitaji maelekezo.

Wapo waliojaribu kukiboresha. Mwaka 2019 Vodacom walileta Smart Kitochi, ya vitufe lakini yenye intaneti na WhatsApp ndani. Siisemi vibaya. Nauliza tu mtu anapata faida gani kusomewa michango ileile kwa maandishi madogo zaidi.

Kasoro moja nakubali ni kasoro, na kosa si lake. Kitochi kinaishi kwa 2G, na 2G inazeeka. Wajerumani waliingia 2021 wakazima 3G, 2G wakaiacha. Mama akamzika binti. Kampuni za Uingereza zimeahidi kuzizima zote mbili ifikapo 2033. Uswisi wao wamemaliza, kwa hiyo ukifika Geneva kitochi hakishiki kitu, kinabaki kuonyesha saa, na kwenda kuonyesha saa Uswisi ni biashara ngumu. Orange ya Ufaransa ilitangaza kuanza kuzima 2026, hivyo mwenye nia ya kubipu kutoka Paris asikawie. Vitochi vya 4G vipo, lakini usimuulize muuzaji wa mtaa wa Aggrey kama hiki kinayo, maana atasema kinayo hata ukimwonyesha jiwe. Fungua mfuniko wa nyuma, toa betri, soma kile kikaratasi. Kikiwa kimeandikwa GSM 900/1800 na basi, nenda kaombe viza ya Ujerumani.